Mtoto anakwenda kambini? Tochi isinunuliwe kwa ukali wa mwanga

Karatasi ya vitu vya kambi ikiletwa nyumbani kutoka shuleni, mzazi huanza na vitu vikubwa. Hema litatoka wapi? Begi la kulalia litaazimwa kwa nani? Viatu vya mwaka jana bado vinamtosha? Tochi huwa chini kabisa ya orodha, na mara nyingi hununuliwa siku ya mwisho, stendi, basi likiwa limeshawashwa.

Hata hivyo, tochi ni kifaa ambacho mtoto atakitegemea akiwa peke yake, wakati walimu na viongozi wa kambi wamelala. Ndiyo itakayomwonyesha njia ya chooni saa nane za usiku, na ndiyo itakayowasaidia wenzake kumwona akiachwa nyuma kwenye njia ya msituni. Na ikirudi nyumbani ikatupwa sebuleni, inaweza pia kumdhuru mdogo wake aliyebaki.

Wakati wa likizo za Juni na Desemba, watoto na vijana wengi hupelekwa kambini na shule, skauti au vikundi vya dini. Wengine huenda milima ya Usambara kule Lushoto, wengine Uluguru, Udzungwa au chini ya Mlima Meru na Kilimanjaro. Kwa safari hizo, tochi inayofaa zaidi ni ile ya kichwani, inayofungwa kwa mkanda kwenye paji la uso.

Kwa nini ya kichwani?

Faida yake kubwa ni kuacha mikono yote miwili huru. Wachimbaji wadogo na waongoza watalii wa milimani wanaijua faida hiyo siku nyingi. Mtoto anayeshuka mteremko wenye mizizi na utelezi anahitaji mikono ya kushikia. Anayefungua zipu ya hema, kubeba dumu la maji au kufunga kamba za viatu gizani anaihitaji pia. Akijikwaa huku ameshika tochi, ama ataiachia na kubaki gizani, ama ataing'ang'ania na kuanguka vibaya.

Simu haiwezi kuchukua nafasi yake. Taa ya simu humaliza chaji ambayo ingetumika kupiga simu ya dharura, hushikwa kwa mkono, na ikianguka kwenye jiwe, mwanga na mawasiliano vinaweza kupotea kwa pamoja.

Mshumaa na kibatari ndani ya hema havifai hata kidogo. Kitambaa cha hema hushika moto haraka. Jiko la mkaa nalo likiingizwa ndani kwa ajili ya joto hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Kingine cha kukumbuka ni namna usiku unavyoingia huku kwetu. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua likishazama giza huwa limetanda kabla ya nusu saa kupita, na chini ya miti mikubwa huwahi zaidi. Kundi la wanafunzi lililotarajia kufika kambini saa kumi na mbili jioni likichelewa kidogo tu, litamalizia safari gizani. Kwa hiyo tochi ikae kwenye mfuko wa juu wa begi hata kama safari ni ya mchana.

Lumeni ngapi zinatosha?

Kwenye boksi la tochi huandikwa kiasi cha mwanga kwa kipimo kinachoitwa lumeni. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea, kwa kuamini kwamba namba kubwa ni tochi bora.

Kwa kazi za ndani ya hema na kuzunguka kambini, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Kutembea usiku kwenye njia ya msituni, lumeni 100 hadi 200 ni nzuri. Vijana wakubwa wanaopanda mlima usiku watafaidika na tochi ya lumeni 200 hadi 300. Zaidi ya hapo, kwa matumizi ya mtoto, ni kununua uzito na kumaliza betri mapema.

Namba za ajabu zisimtishe mzazi wala kumvutia. Taa ya mbele ya gari ikiwa chini hutoa lumeni kama elfu moja. Tochi ndogo ya bei ya mtaani iliyoandikwa lumeni 100,000 haiwezi kuwa inasema kweli. Vivyo hivyo kwa betri nene za kuchaji zenye namba 18650. Betri nzuri za ukubwa huo hubeba uwezo wa mAh 3,500 hivi, hivyo inayodai mAh 9,900 imeandikwa ili iuzwe tu.

Mwanga mkali una madhara pia. Watoto hupenda kumulikana usoni, na lenzi ya jicho la mtoto hupitisha mwanga wa bluu kwa wingi kuliko ya mtu mzima. Ndiyo maana wapo watengenezaji wanaotengeneza tochi za watoto wadogo zenye lumeni kama 30 tu. Kwa mtoto wa shule ya msingi, achague ile yenye kitufe cha kupunguza mwanga, na afundishwe sheria moja: ukizungumza na mtu, elekeza tochi chini.

Kwenye ukungu, ambao ni jambo la kawaida Lushoto, mwanga mkali hugonga matone ya maji hewani na kurudi machoni. Mtoto huona ukuta mweupe mbele yake. Hapo inasaidia kupunguza mwanga, kuivua tochi kichwani na kuishika usawa wa kiuno. Vivuli vya mawe na mashimo pia huonekana vizuri zaidi tochi ikiwa chini kuliko ikiwa karibu na macho.

Saa zilizoandikwa si saa za mwanga mzuri

Jambo lenye uzito kuliko lumeni ni muda. Boksi linaweza kusema tochi inawaka saa 40, na mzazi akaridhika. Katika kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, kiitwacho ANSI FL1, muda huo huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa maneno mengine, saa za mwishoni ni za mwanga hafifu sana. Aidha, saa nyingi zinazotangazwa huwa ni za mwanga wa chini kabisa, wakati lumeni zinazotangazwa ni za mwanga wa juu kabisa. Mambo hayo mawili hayapatikani kwa wakati mmoja.

Hesabu ya mzazi iwe rahisi. Mtoto wa kambini hutumia tochi tangu saa moja hadi saa nne usiku, kisha dakika chache za kwenda chooni. Tuseme saa nne kwa usiku mmoja. Kambi ya siku mbili ni saa nane, ya siku tano ni saa 20. Tochi ichaguliwe kwa muda wake wa mwanga wa kati, na mtoto abebe seti moja ya betri za akiba hata kama hesabu inaonyesha hazitahitajika.

Betri za kubadilisha au za kuchaji?

Tochi za betri tatu ndogo za AAA, zile za rimoti, zina faida kubwa kwa kambi ya mbali: betri zake hupatikana karibu kila duka. Zinunuliwe za alikalaini. Betri za bei ya chini kabisa huisha haraka, na zikisahaulika ndani huvuja na kuozesha vyuma vya tochi. Betri mpya isichanganywe na kuukuu.

Tochi za kuchaji kwa waya wa USB hupunguza gharama kwa familia inayozitumia mara kwa mara, hasa pale umeme unapokatika nyumbani. Kasoro yake ni kwamba ikizima porini hakuna pa kuichomeka, isipokuwa mtoto awe na pawabenki. Zipo pia zinazokubali aina zote mbili, na kwa safari za siku nyingi hizo ndizo zinazompa mzazi usingizi.

Ya kuchaji isiachwe kwenye chaji juu ya godoro au chini ya mto. Betri yake ikivimba, ikipata joto kupita kiasi au ikitoa harufu, isitumike tena.

Kwa kijana anayepanda Kilimanjaro, baridi ni adui mwingine. Safari ya kwenda kilele chenye urefu wa mita 5,895 kwa kawaida huanza karibu saa sita usiku ili kufika jua linapochomoza, na joto hushuka chini ya sifuri. Baridi hupunguza nguvu za betri, hivyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Anayepanda mara moja tu anaweza kukodi vifaa Moshi au Arusha, ila aiwashe tochi hiyo na kuikagua kabla ya kuondoka dukani.

Mkanda, swichi na mvua

Tochi ikae kichwani bila kubana wala kuteleza. Zile zenye pakiti ya betri nyuma ya kichwa ni nzito, na shingo ya mtoto huchoka. Kwa mtoto mdogo, mkanda unaofunguka wenyewe ukivutwa kwa nguvu ni salama zaidi, kwa sababu hauwezi kumkaba ukinaswa na tawi au kitanda. Asilale ameuvaa.

Swichi iwe moja au mbili, na aweze kuibonyeza bila kuiona. Tochi yenye mitindo tisa ya kuwaka, ambayo mtoto lazima apite mwanga wa kumetameta kabla ya kuizima, itamchanganya gizani. Ni vizuri pia iwe na namna ya kufunga swichi, isijiwashe yenyewe ndani ya begi. Isipokuwa nayo, betri moja igeuzwe upande au itolewe wakati wa safari.

Kuhusu mvua, atazame herufi IPX. IPX4 maana yake inavumilia maji yanayorushwa kutoka pande zote, na hiyo inatosha kwa kambi nyingi. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30, inafaa kwa watakaovuka mito au kukaa kwenye mvua ndefu.

Mwanga mwekundu una kazi yake

Tochi nyingi za kichwani zina taa ndogo nyekundu, na baadhi ya wazazi hudhani ni pambo. Jicho la mtu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Mwanga mweupe ukiwaka kwa sekunde chache, kazi hiyo huanza upya. Mwekundu hauliharibu zoezi hilo kwa kiasi kikubwa, na hauwaamshi wenzake hemani. Wadudu wengi pia hawauvutikii kama wanavyovutiwa na mweupe. Pamoja na hayo, zipu ya hema ifungwe na chandarua kitumike, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku.

Nyoka na njia ya chooni

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Kwa upande wetu, nyoka wa kuhofiwa sana njiani usiku ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Huyu hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hutulia tuli, rangi yake ikifanana na majani makavu, na huuma anapokanyagwa.

Kwa hiyo mtoto afundishwe kuvaa viatu, kuwasha tochi kabla hajatoka hemani, na kumulika mahali atakapokanyaga. Viatu vikung'utwe kwanza, maana nge hupenda kujificha humo. Choo kiwe umbali wa hatua kumi au mia, tochi iwashwe tu.

Akiumwa, atulizwe, asitembezwe bila sababu, na kiungo kilichoumwa kisitikisike. Viatu vinavyobana na pete vivuliwe. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Apelekwe hospitali haraka.

Hatari iliyo nyumbani: Betri ya kitufe

Hapa ndipo penye jambo ambalo halipo kwenye karatasi ya kambi. Tochi nyingi ndogo za bei nafuu, hasa zenye picha za katuni, hutumia betri bapa za duara zinazofanana na sarafu, kama ile ya CR2032. Betri hizo zikimezwa na mtoto mdogo zinaweza kuua.

Betri ya ukubwa huo, wenye upana wa milimita 20, hukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Unyevunyevu wa hapo huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na hutengenezwa kemikali kali inayounguza kama magadi ya kutengenezea sabuni. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Hata betri ambayo haiwashi tena tochi hubaki na nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Ikiingizwa puani au sikioni huunguza pia.

Mara nyingi hakuna aliyeona ikimezwa. Mtoto huanza kutoa mate mengi, kukohoa, kukataa chakula, kutapika au kulia akishika kifua. Ni rahisi kudhani ni mafua au tumbo. Kama ndani ya nyumba kuna kifaa cha betri za namna hiyo na moja haionekani, mzazi aseme hivyo kwa daktari mara tu anapofika, na aombe picha ya eksirei. Kwenye picha, betri huweza kufanana na sarafu, kwa hiyo maelezo ya mzazi ni muhimu. Akiwa na pakiti au betri inayofanana nayo, aibebe.

Asilazimishwe kutapika. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ambaye betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, wataalamu wa sumu hushauri vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, huku safari ya hospitali ikiendelea. Asali hupunguza kasi ya kuungua tu. Haiitoi betri, wala haipaswi kuchelewesha safari kwa dakika moja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Hivyo, katika nyumba yenye mtoto mdogo, chaguo salama ni tochi isiyotumia betri hizo. Kama ipo tayari, kifuniko chake kiwe kinafunguliwa kwa bisibisi tu. Kinachofunguka kwa kucha kitafunguliwa na mtoto wa miaka miwili.

Jaribio la usiku mmoja

Kabla ya siku ya safari, familia izime taa za nyumba usiku mmoja, au itumie usiku umeme unapokatika wenyewe. Mtoto apewe tochi ikiwa imezimwa na atakiwe kufanya mambo manne bila kusaidiwa: kuiwasha, kupunguza mwanga, kuirekebisha mkanda, na kubadilisha betri huku akiziweka upande sahihi. Akishindwa jambo moja, ama afundishwe, ama tochi ibadilishwe mapema. Jina lake liandikwe kwenye mkanda.

Ndani ya begi hilo iwekwe na filimbi. Afundishwe kwamba akipotea asiendelee kutafuta njia. Akae alipo, awashe tochi, na atoe ishara ya dharura inayotumika milimani: kumulika au kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, kupumzika dakika moja, kisha kurudia. Akijibiwa mara tatu, ajue amesikika na aendelee kubaki hapohapo mpaka afikiwe. Kama ana simu na kuna mtandao, namba ya dharura ni 112.

Mtoto akisharudi, kabla nguo hazijaingia kwenye beseni, betri zitolewe kwenye tochi na kuwekwa mahali pa juu. Zilizokwisha zisiachwe kwenye ndoo ya taka iliyo wazi, ambako mdogo wake anaweza kuzifikia.